Mwanamuziki na Dalali Mpya

Mchikichini ni kata iliyo kati ya Ilala na Kariakoo katika jiji la Dar es Salaam, ubavu wake mmoja ukielekea bonde la Msimbazi. Jina lake ni la mchikichi, mti ambao matunda yake hukamuliwa mawese. Leo watu wengi huijua kata hiyo kwa soko lake la mitumba, ambalo huitwa pia Karume. Katika soko hilo kila mtu ana hesabu. Mwuza viatu ajua belo lilimgharimu kiasi gani na jozi ngapi zilitoka nzima. Mama lishe ajua sahani alizopakua tangu asubuhi, na zile ambazo bado hazijalipwa. Mchukuzi azijua safari zake kwa uchovu wa mabega. Kitu kimoja tu hutumiwa na wote hapo pasipo kupimwa na yeyote, nacho ni wimbo. Wimbo huita wateja mbele ya duka, hufupisha safari ndani ya daladala, na hukesha na watu katika shughuli za arusi. Mwenye duka hupata faida, dereva hupata abiria, na mwenye arusi hupata sifa. Mtunzi wa wimbo huo akipita hapo, hupita kama mpita njia mwingine yeyote.

Kwa ugonjwa huu mkongwe dawa mpya imekwisha tangazwa. Husemwa katika semina, katika magazeti na katika vinywa vya wafanya biashara kwamba intaneti imemkomboa mwanamuziki asiye na kampuni nyuma yake. Zamani, husemwa, alihitaji redio imkubali, msambazaji amnunue na tajiri amdhamini. Leo apakia wimbo wake kwa simu akiwa kitandani, na kabla ya alfajiri umekwisha sikika Muscat na London. Maneno haya ni matamu, na nusu yake ni kweli. Nusu hiyo ya kweli ndiyo iifanyayo nusu ya pili kuwa ya hatari. Mtandao ni mpiga debe hodari. Kosa lililoenea ni kumdhania mpiga debe kuwa ndiye mwenye daladala.

Si mara ya kwanza kwa mwanamuziki wa pwani hii kuahidiwa ukombozi na chombo kipya. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja kwenda Bombay kuimba katika sahani za santuri. Sauti yake ikafika mahali ambapo miguu yake isingefika, na jina lake likadumu hata leo. Lakini mashine, kiwanda na daftari la mauzo vilikuwa mikononi mwa kampuni. Baada ya Uhuru ilizuka taratibu nyingine. Bendi ya NUTA iliyoundwa mwaka 1964 ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vilikuwa mali ya chama, na mpigaji alilipwa mshahara. Ulikuwa utaratibu wenye heshima kuliko kucheza kwa bahashishi, walakini aliyeondoka aliondoka na vidole vyake na koo lake tu. Gitaa na jina vilibaki nyuma. Kwa miaka mingi chumba cha kurekodia kilichotegemewa na bendi za mji kilikuwa cha Redio Tanzania. Pasipo redio hiyo nyimbo nyingi bora za zama zile zingekwisha kufa, na sifa hiyo haifai kunyimwa. Hata hivyo kanda zilikaa katika maktaba ya redio, wala si katika sanduku la mtunzi.

Zikaja kaseti, na katika miaka ya 1990 zikaja redio za watu binafsi. Wasambazaji wachache wa Kariakoo wakawa mlango wa muziki wa nchi nzima. Aghalabu mwanamuziki aliuza kazi yake kwa mapatano ya fedha taslimu, akaondoka na bahasha, na idadi ya nakala zilizochapwa baadaye akaijua msambazaji na Mungu wake. Katika zama zote hizi vyombo vilibadilika, lakini kanuni moja haikubadilika: aliyeshika hesabu ndiye aliyeshika faida. Kwa hiyo swali la kumwuliza kila mletaji wa ukombozi mpya ni fupi. Hesabu iko kwa nani?

Na achukuliwe kijana wa kubuniwa, mkazi wa Mchikichini, aliyetunga wimbo mzuri na kuulipia studio kwa akiba yake. Akitaka uuzwe katika maduka makubwa ya mtandaoni, kwa kawaida hatauingiza mwenyewe moja kwa moja. Atapita kwa wakala. Wako mawakala watozao ada ya kila mwaka, na ada isipolipwa wimbo huweza kuondolewa dukani. Huyo ni dalali, ingawa hana kiti Kariakoo wala kofia kichwani. Kijana akienda YouTube atapokewa bure. Tangu mwaka 2018 lakini sharti la kugawiwa fedha za matangazo katika video za kawaida limekuwa watu 1,000 waliojiandikisha katika akaunti yake pamoja na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kwa wimbo wa dakika nne, ni sawa na kusikilizwa tangu mwanzo hata mwisho mara 60,000. Kabla hajafika hapo, masharti yaliyotangazwa na kampuni hiyo mwishoni mwa mwaka 2020 yanairuhusu kuweka matangazo juu ya kazi yake na kutompa kitu. Ukumbi ni bure, taa ni bure, na kiingilio chauchukua mwenye ukumbi.

Spotify ilifungua milango yake Tanzania mwezi Februari mwaka 2021, na watu wengi walishangilia. Tangu mwaka 2024 kampuni hiyo imeweka kanuni kwamba wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 katika miezi 12 iliyotangulia haupati mrabaha wa rekodi. Mwanamuziki mwenye nyimbo tatu, kila mmoja uliosikilizwa mara 900, amesikilizwa mara 2,700 na hakupata hata senti. Watetezi wa kanuni husema kwamba fedha zenyewe ni chache mno, na kwamba mara nyingi hazikuwahi kumfikia msanii kwa sababu ya ada za njiani. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama fedha zile zingewekwa akiba kwa jina la aliyezifanyia kazi. Haziwekwi. Hurudi katika fungu la pamoja na kugawiwa nyimbo zilizovuka mpaka. Hivyo kijana wa Mchikichini humchangia nyota wa Marekani ambaye hamjui, naye nyota hana habari kwamba amechangiwa. Wazee walisema mwenye nacho huongezewa. Hawakudhani kwamba maneno hayo yatageuzwa kuwa kanuni ya malipo.

Hapa atasimama mtu na kusema kwamba fedha za kusikilizwa si shabaha. Shabaha, atasema, ni umaarufu, kwa kuwa umaarufu huleta mialiko ya maonyesho na matangazo ya biashara. Hoja hii yafaa kuheshimiwa, maana kweli muziki wa Dar es Salaam umekuwa ukilisha watu wake kwa jukwaa zaidi kuliko kwa sahani. Ila umaarufu ni kama maji ya mvua: humfaa mwenye pipa. Wimbo ukizagaa katika simu elfu kumi bila jina la mtunzi, bila namba yake ya simu, na bila mahali pake mwenyewe pa kumpata, mvua imenyesha na pipa halikuwepo. Wako watu Mchikichini waimbao nyimbo neno kwa neno na wasioweza kumtaja mwimbaji. Mtu huyo hawezi kualikwa, kwa sababu hapana ajuaye wa kumwalika.

Liko na jambo zito zaidi ya malipo, nalo ni usalama wa kazi yenyewe. Tarehe 10 Julai mwaka 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Januari mwaka 2022 likaungua soko la Mchikichini, na asubuhi wafanya biashara wakasimama juu ya majivu ya mitaji yao. Kila mtu aliona moshi. Serikali ilikuja, magazeti yaliandika, na waliopoteza walipewa pole. Mwezi Machi mwaka 2019 ilijulikana kwamba umeungua mtandao wa MySpace, ambao katika miaka ya 2000 ulikuwa baraza kuu la wanamuziki wasio na kampuni duniani. Kampuni ilikiri kwamba katika kuhamisha mitambo yake imepoteza picha, video na nyimbo zilizowekwa humo katika miaka zaidi ya kumi ya kwanza. Nyimbo zilizopotea zilikadiriwa kuwa milioni 50. Hapakuwa na moshi wala king'ora, wala hakuna aliyepewa pole. Wapo walioamini kwamba kuweka ni kuhifadhi, na hawakubaki na nakala. Mwuza mitumba wa Karume alijua kwamba kibanda chake ni cha mbao na kwamba mbao huungua. Mwanamuziki hajaambiwa kwamba kibanda chake nacho ni cha mbao.

Mpinzani mwerevu ataleta mfano wa singeli, naye atakuwa ameleta mfano mzuri. Muziki huo wa mbio ulizaliwa katika mitaa ya watu wa kipato kidogo wa Dar es Salaam, ukalelewa na vigodoro, ukapitishwa kutoka simu hadi simu na kutoka kadi hadi kadi, na redio ya EFM ikausogeza mbele. Mwaka 2017 kampuni ndogo ya Kampala iitwayo Nyege Nyege Tapes ilitoa mkusanyo wa *Sounds of Sisso*, kazi za studio ya Sisso iliyoko Mburahati. Mwaka 2018 ikafuata kazi ya Bamba Pana, na mwaka 2019 ya Jay Mitta na ya Duke. Zikauzwa kupitia Bandcamp, duka la mtandaoni lililoanzishwa mwaka 2008, ambalo msanii au kampuni yake hujipangia bei na duka hukata asilimia 15 ya mauzo ya nyimbo za kupakua, kando ya gharama za malipo. Vijana wa Mburahati wakapanda majukwaa ya Ulaya.

Je, huo si ushindi wa mtandao? Ni ushindi, lakini mshindi atajwe kwa jina lake. Mtandao wenyewe hauendi Mburahati kuchagua nyimbo, hauandiki majina ya watunzi juu ya jalada, haugongi mlango wa mwandaa tamasha, wala haumwombei mtu viza. Watu walifanya hayo. Palikuwa na kundi lenye masikio, lenye daftari na lenye subira, nalo likautumia mtandao kama mtu atumiavyo barabara. Tena mfano huo watia aibu kidogo: singeli ya Dar es Salaam ilihitaji kupita Kampala ili ifike Berlin. Barabara ya mtandao ilikuwapo Dar es Salaam vile vile. Kilichokosekana ni watu wa kushika kazi.

Wako pia wazee wa muziki wakaao upande wa pili kabisa, wasemao kwamba mtandao ni uhuni, kwamba muziki wa kweli ulikufa na gitaa la besi, na kwamba heri kunyamaza kuliko kujianika. Hao nao wamekosea, na kosa lao si dogo. Mchuuzi aliyekataa kusogea penye watu hakuilinda heshima ya bidhaa yake, ameiozesha ghalani. Nyimbo zao zimo mtandaoni wapende wasipende, zimewekwa na wageni, na mara nyingi majina yamekosewa na tarehe zimebuniwa. Kunyamaza kwao hakukuzuia kazi zao kutumiwa. Kumezuia tu zisitumiwe kwa jina sahihi.

Kisha kuna masingizio yaliyorudiwa hata yakafanana na kweli, kwamba Mwafrika halipii muziki. Atembee mtu Mchikichini na Kariakoo atazame vibanda vya kuingizia nyimbo. Mteja hutoa kadi ya simu au flashi, hutaja apendacho, na kwa fedha kidogo huondoka na nyimbo nyingi. Mteja huyo amelipa. Hakulipa kwa sababu ya kupenda wizi. Amelipa ili aepushwe usumbufu wa kutafuta na gharama ya bando. Biashara ipo, bei ipo na mnunuzi yupo. Asiyekuwapo ni mwenye mali. Mwenye kibanda amefanya kazi ambayo wanamuziki, vyama vyao na washauri wao hawakuifanya: alimwendea msikilizaji pale alipo, kwa bei aiwezayo. Kumwita mwizi ni rahisi, na mbele ya sheria ni sawa. Lakini aliyeachiwa shamba wazi miaka ishirini hawezi kulaumu kunguru peke yao.

Basi yampasa mwanamuziki wa kujitegemea kufanya nini? Neno kujitegemea lina historia nzito katika nchi hii tangu mwaka 1967, na halistahili kupewa mtu ambaye duka, daftari na ghala lake vyote ni vya mwingine. Kwanza, rekodi yake ya asili, pamoja na sauti na vyombo vilivyorekodiwa mbalimbali, ikae mikononi mwake katika mahali pawili, visivyo chini ya paa moja. Pili, kabla wimbo haujatoka, yeye, mtayarishaji na waimbaji wenziwe waandike karatasi moja ya kugawana mapato, maana undugu wa studio hukatika siku fedha ya kwanza iingiapo. Tatu, aiandikishe kazi yake COSOTA, chombo kilichowekwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Nne, awe na orodha yake mwenyewe ya wasikilizaji, kwa majina na namba za simu, waliyoitoa kwa ridhaa yao. Wafuasi laki moja katika mtandao wa mtu mwingine ni wageni wa mwenye nyumba. Watu mia tatu katika daftari lako ni wageni wako.

Tano, auze mwenyewe. Fedha za simu zimekuwapo Tanzania tangu mwaka 2008, na leo mwuza mitumba wa Karume ameibandika lipa namba juu ya nguzo ya kibanda. Mwanamuziki aliyekaa hatua mia kutoka kwenye nguzo hiyo hungoja dola za PayPal, hali kwa miaka mingi akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania imeweza kutoa fedha na isiweze kupokea. Mlango unaotokea tu hauwezi kuitwa mlango wa biashara. Wimbo mmoja uwekwe wazi YouTube na TikTok upige debe. Nyingine ziuzwe kwa simu, kwa bei ya nauli ya daladala, kwa watu walio katika daftari. Na vibanda vya kuingizia nyimbo viendewe kwa mapatano: nyimbo kamili, majina sahihi, sauti safi, na mgawo unaojulikana. Mwenye kibanda aliyepewa fungu la halali ana sababu ya kuwa mlinzi.

Itasemwa kwamba haya ni mengi kwa mtu mmoja maskini, na ni kweli. Mtu mmoja hawezi kutunga, kurekodi, kuandika mikataba, kupiga hesabu na kuzunguka vibandani. Lakini watu wa Mchikichini hawakuanza leo kushinda umaskini kwa kukusanyika. Wanawake wa sokoni huchezeana upatu, na vikoba vimeanzisha biashara ambazo benki ilizikataa. Wanamuziki kumi wenye daftari moja, mhasibu mmoja na ghala moja la rekodi wana nguvu kuliko kumi wanaogombea macho katika simu. Wasipofanya hivyo, wasiulaumu mtandao. Dalali hajawahi kumkatalia mtu asiye na mizani.

Vyombo vya umma navyo visijifiche nyuma ya udhaifu wa msanii. Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, limejulikana mno kwa kuuliza wimbo una maneno gani. Ni wakati wa kujulikana pia kwa kuuliza wimbo umelipwa kiasi gani. Vyuo vikuu vinavyofundisha fasihi ya nyimbo, vinavyochambua taswira na vina vya mashairi yake, na kuwapa watu shahada kwa uchambuzi huo, vina deni kwa waliotunga. Mwanafunzi ajuaye kueleza tamathali za wimbo na asijue mwenye wimbo anaishije amejifunza nusu ya fasihi. Idara ya Kiswahili ikiweza kuandaa kongamano, yaweza pia kuandika mkataba wa mfano kwa lugha nyepesi, wenye maneno ambayo mpiga kinanda wa Mchikichini atayafahamu kabla ya kutia saini. Kazi hiyo haihitaji msaada wa mfadhili.

Mchikichi hauulizi ni nani akamuaye matunda yake, kwa kuwa ni mti. Mwanadamu aliyepewa sauti, akili na kumbukumbu hana udhuru huo. Santuri ilikuja ikapita, kaseti ilikuja ikapita, MySpace ilikuja na ikaondoka na nyimbo za watu. Maduka ya leo nayo yatapita, au yatabadili masharti usiku mmoja bila kubisha hodi. Siku hiyo atakayekuwa na rekodi yake, karatasi yake na daftari lake atahamia soko jingine asubuhi, kama walivyofanya wengi wa Karume baada ya moto. Asiyekuwa navyo atasimama mahali palipokuwa na duka, akiusikia wimbo wake ukipita ndani ya bajaji, na hatakuwa na la kumwonyesha mtu kuthibitisha kwamba ni wake.